Lastiki ya Inchi Moja

Jumatatu, tarehe 3
Binti yangu yuko mwezi wa tisa na presha haishuki. Nesi kasema chumba cha kujifungulia anaingia ndugu mmoja tu. Nikajua ni mimi, nani mwingine? Binti akaniambia kwa upole, mama, wewe ukinishika mkono hata mashine ya presha inashtuka. Anamfikiria mama mkwe wake. Yule hukaa saa nzima amefumba macho, katulia kama mtungi. Namwita Jiwe. Nimelia kidogo bafuni. Tumekubaliana: Ijumaa nikikaa nusu saa bila kujitikisa mbele ya mwalimu wa yoga wa Jiwe, naingia mimi.
Nimeanza leo. Dakika mbili. Nikakumbuka pasi nimeiacha inawaka.

Jumanne, tarehe 4
Darasa liko ghorofani, juu ya duka la dawa. Mwalimu ni mama wa Kihindu, nywele nyeupe, sauti kama maji ya uvuguvugu. Kasema mantra yetu, yaani neno la kurudiarudia, imo ndani ya pumzi: ukivuta, so, ukitoa, ham. Maana yake, mimi ndiye Yule. Vizuri. Ila mdomo wangu haujazoea kuishia njiani, unasema hamu. Na nikisema hamu, inakuja kweli: ya mjukuu, ya vidole vyake, na wasiwasi kama atachukua kichwa kikubwa cha babu yake. Mwalimu kaninong'oneza, mama, ni ham, funga mdomo. Jiwe akatabasamu. Aliyefumba macho anatabasamia nini?

Jumatano, tarehe 5
Dakika kumi na moja! Halafu nikasinzia, nikamwangukia Jiwe mapajani. Kanifuta mate kwa leso yake, kasema pole dada, umechoka. Wema wa namna hiyo unauma.
Nimewaza sana kwenye cherehani. Roho yangu haina tatizo. Tatizo ni mgongo, na kusimamisha kitu kilicholegea ni kazi ya fundi.

Alhamisi, tarehe 6
Jaribio nyumbani. Lastiki ya viuno vya sketi, inchi moja, mizunguko mitano, kutoka kifuani hadi mgongo wa kiti. Shali juu. Nimelala dakika arobaini, wima kama mshumaa. Mume wangu kaja kuuliza chai, kaona sijibu, karudi kwa kunyata. Miaka thelathini hajawahi kuninyatia.

Ijumaa, tarehe 7
Nimekwenda na kiti changu, nikasema ni kwa ajili ya magoti. Simu hairuhusiwi darasani. Nimeificha kifuani, chini ya lastiki, maana binti akipiga je? Dakika ya ishirini na nane nikamsikia mwalimu akiwanong'oneza wenzangu, mtazameni mama huyu, amezama. Jiwe kafungua jicho moja. Nimeona, maana na mimi nilifungua langu.
Simu ikatetemeka. Mume wa binti: uchungu umeanza.
Nikatoka mbio. Kiti nacho. Mkasi uko nyumbani. Dereva wa teksi kanipakia kwa ubavu kama kabati.

Jumamosi, tarehe 8
Mjukuu wa kike. Kilo tatu na robo. Kichwa cha babu yake.
Binti aliponiona mlangoni na kiti mgongoni, alicheka mpaka akashika ukuta. Nesi akampima: presha imeshuka. Akataka kunikata lastiki, binti akakataa, kasema mwacheni hivyo hivyo, akae. Nikakaa. Sikuwa na la kufanya ila kumwambia, mwanangu, vuta, so. Toa, hamu. Kwenye hamu moja ndefu mtoto akatoka.
Jiwe alikuwa kwenye korido isiyo na benchi, kasimama kwa muda wa saa sita. Asubuhi alinikumbatia mimi na kiti changu, akalia, akaniuliza siri ni nini. Nikamwambia, dada, ni mazoezi ya kila siku tu.
Mwalimu katuma ujumbe: Jumatatu nianze upya, dakika tano, bila kiti. Nimemjibu niko tayari kwa saa nzima. Nimeshapima. Bila kiti, inatakiwa lastiki ya inchi mbili.