Kona ya Ugomvi

Jumatano, 6 Agosti
Jumapili fainali, sisi Msimbu dhidi ya Mkuza ya Kibaha. Zawadi beberu. Kamati imesema nikifungwa, timu anapewa msaidizi wangu, Mwalimu Raphaeli. Mwenyewe alikuwapo, akatazama dari kwa unyenyekevu. Ngoja!

Nimebuni kona ya ugomvi. Halidi na Bilali wanagombania nani apige, Mkuza wanashangaa, Halidi anapiga ghafla, Ally anafunga. Raphaeli akasema Ally ni mrefu kuliko wote, tumpigie kichwani tu, ugomvi wa nini? Nikamwambia huo mpira wa zama za mkoloni. Akajibu kwamba zama hizo ulikuwa unaingia golini. Mwalimu gani huyu!

Alhamisi, 7 Agosti
Mazoezi. Wanagombana kama wanaogombea kulipa soda. Nikamwagiza Halidi amtukane mwenzake. Akauliza atamtukanaje, mama zao si tumbo moja? Nikasema aitukane miguu yake tu. Jioni wakaiva.

Raphaeli kauliza kama mama zao wameambiwa. Jamani! Siri ya kiufundi niitangaze jikoni?

Jumapili, 10 Agosti
Moja moja, dakika ya themanini na nane. Kona! Nikapiga mluzi. Halidi akamwambia Bilali ana miguu ya kuazima. Bilali akamkwida jezi. Mabeki wa Mkuza mikono kiunoni. Nilitaka kulia kwa raha.

Mara Bi Rukaya, mama yake Halidi, kaingia uwanjani, kanga kiunoni. Nyuma yake wajomba wanne. Eti ndugu hawagombani mbele ya wageni! Wakawakalisha penye kibendera, wakapeana mikono, dua ikasomwa. Mkuza wakaitikia amina. Halidi akalia machozi ya kweli.

Refa akawapa wote wawili kadi nyekundu kwa kupigana. Nikamweleza ni maigizo. Akanipa na mimi, kwa udanganyifu.

Tukabaki tisa. Tukafungwa dakika za nyongeza. Beberu kaondoka kwa bodaboda, ananitazama. Nimeumia, sifichi.

Jumatatu, 11 Agosti
Timu kapewa Raphaeli. Mimi mtunza mipira. Nimemwamkia Bi Rukaya dukani, kaitikia marahaba akiangalia chumvi.

Raphaeli katangaza mechi ijayo mipira yote kichwani kwa Ally. Maskini, hana ubunifu.

Nimetafakari. Mpango ulikuwa safi, kosa ni mama kuwa karibu. Safari hii kipa atazimia. Nimeshamwambia, Raphaeli hajui. Mama yake kipa anakaa Dutumi. Mpaka afike, magari mawili.