Jinsi Hakimu Alivyopima Anga kwa Uzi

Kusanyikeni, enyi watu wa pwani ya Ziwa Tanganyika, wavuta nyavu na wauza ndagala, zimeni redio zenu mtege masikio, nipate kuwasimulia vita alivyopigana Hakimu, fundi cherehani wa mtaa wa Rugenge, simba wa sindano, mume wa pindo zisizofumuka.

Chanzo cha vita kilikuwa tiketi ya ndege. Bi Kadija, mama yake mzazi, alikuwa aende Kinshasa kesho kutwa, kumwona mtoto wa kwanza wa Akram, mdogo wake Hakimu. Ndipo alipozuka jirani yao Evariste, mwalimu mstaafu wa jiografia, akaisoma tiketi ile kwa sauti ya kutangaza msiba. Kwenda: kutoka Bujumbura saa nne, kufika Kinshasa saa tano na robo. Kurudi: kutoka saa nane, kufika saa kumi na moja na robo.

"Kwenda saa moja na robo, kurudi saa tatu na robo!" akanguruma. "Mama Kadija, kurudi iko mupando! Ndege itapanda polepole kama ng'ombe wa milima ya Rurambo!"

Bi Kadija akafungua mkoba, akaanza kutoa vitenge kimoja kimoja. "Saa mbili ningevumilia. Saa tatu hewani, miye siendi. Mutoto atanijua kwa picha."

Maneno hayo yalimchoma Hakimu kuliko sindano zake zote. Akanyakua uzi mweusi, akavuka barabara kama jemadari, pikipiki zikimtukana kulia na kushoto, akaingia shule ya jirani, akapanda dawati mbele ya ramani kuu. Akaunyoosha uzi toka Bujumbura hadi Kinshasa, juu ya mito, misitu na kinyesi cha mende. Sentimita thelathini na moja, kila moja kilomita hamsini: kilomita elfu moja mia tano na hamsini! Akapima tena, toka Kinshasa kurudi. Uzi haukurefuka hata unywele.

Lakini saa zilikuwa hazijasalimu amri. Akarudi nyumbani, akampigia Akram simu mbele ya wote.

"Mudogo wangu, kwenu sasa ni saa ngapi?"

"Saa tisa."

Hakimu akaitazama saa ya ukutani: saa kumi kamili. Akapanda juu ya kigoda.

"Sikieni, enyi wa Rugenge! Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja! Ukienda unaongezewa saa, ukirudi wanaikata. Njia ni ile ile, saa mbili na robo, na mupando hakuna!"

Evariste akavua miwani. "Nimefundisha miaka thelathini," akasema, "na somo hilo nililiruka."

"Robo nitaimalizia kwa dua," akasema Bi Kadija, akirudisha vitenge mkobani. "Na ile saa ya bure nitamushika mutoto."

"Lakini mama, ukirudi wataichukua."

"Waichukue. Nitakuwa nimeshaitumia."

Hivyo ndivyo, alasiri ya Jumanne, anga lote la Kongo lilivyotekwa kwa uzi wa futi moja, na mshindi akarejea kwenye cherehani yake, kumalizia suruali ya mtu aliyekuwa akiisubiri, amejifunga taulo, tangu asubuhi.