Mdalasini kwenye Vichupa vya Vibeke

Jumatatu, 4 Novemba
Mvua. Mji wote wa Aarhus umelowa, nami kuuzidi. Wakati wa kahawa Asger, mkuu wa maabara yetu, katangaza kwamba nafasi ya kudumu ni moja na wanaoitaka ni wawili: mimi na Vibeke. Ijumaa kila mmoja aonyeshe RNA, ile molekuli ibebayo maagizo ya jeni, aliyoitoa kwenye chipukizi za shayiri. Ambaye yake itatoka nzima, anabaki. Mwingine mkataba wake unakwisha Desemba. Nimeitumikia hiyo RNA maisha yangu yote ya utu uzima, kuliko ambavyo ningemtumikia mke, na ndiyo maana sina mke.

Kisha kanikumbusha keki. Hapa kwetu anayekosea kazini huleta keki ya kosa, wenzake wakaila huku wanamcheka. Juzi niliacha friza wazi. Vibeke hajawahi kuleta hata moja. Binadamu gani huyo! Vibeke huyo huyo kaniambia kwa upole, "Torkild, ile yako ya mdalasini bwana, usiikaushe sana." Nimecheka. Moyoni nimeapa keki ijayo ataoka yeye.

Jumanne, 5 Novemba
Keki imesifiwa. Asger kala vipande vitatu, kisha kasema kama RNA yangu ingetoka vizuri kama keki zangu, Stockholm wangekuwa wameshaniita nikachukue Tuzo ya Nobel. Watu wamecheka mpaka kahawa ikamwagika.

Mpango umenijia nikilamba vidole. Vidole! RNA ni uzi dhaifu sana, na adui yake ni mkono mtupu. Gusa chombo bila glavu, vimeng'enya vya ngozi vitaikatakata vipande. Vibeke ana kasha lake la vichupa safi, kaliandika jina kwa wino mwekundu. Sitaiba. Sitamwaga kitu. Nitagusa tu, na kugusa si dhambi.

Jumatano, 6 Novemba
Tayari. Wenzangu walipokwenda kula mkate wao mweusi na samaki, nilisema sina njaa. Nikamalizia keki ya jana koridoni, nikaingia, nikavua glavu. Nikafungua kasha nikavigusa vichupa vyote, mdomoni kabisa, kwa dole gumba. Nilijisikia vibaya kidogo. Nikaikumbuka Desemba, nikaacha kujisikia.

Alhamisi, 7 Novemba
Maafa. Nataka kuanza kazi, kumbe vichupa vyangu vimekwisha, nilisahau kuagiza. Nikasema niende kuazima ghorofa ya chini. Vibeke huyo, mbio, na kasha lake mkononi. "Chukua hivi vyangu. Mimi nimeshafungua vingine." Nikamwambia hapana, ataishiwa. Akajibu tusibaniane, sote wa nyumba moja. Na Asger kasimama pale pale! Akasema huo ndio moyo anaoutaka hapa, na mimi nivae glavu nianze, leo ana nafasi ya kunitazama.

Ningesema nini? Kwamba kasha nimelichafua mimi? Nikashukuru. Nimefanya kazi nzima huku nikiomba iwe dole gumba langu lilikuwa safi. Akipita nyuma yangu, Vibeke kaninong'oneza kwamba kasha hilo linanukia vizuri siku hizi. Mafua yanamsumbua, nadhani.

Ijumaa, 8 Novemba
RNA iliyo nzima huonyesha mistari miwili mikali kwenye jeli ya kupimia. Ya Vibeke, miwili, imenyooka. Yangu, ukungu mtupu toka juu hadi chini. Asger aliutazama ukungu ule muda mrefu, kisha akaniuliza Jumatatu nitaleta keki ya nini.

Nafasi ni ya Vibeke. Nilijifungia chooni nikalia, nalia kweli, mtu mzima na karatasi za kufutia mikono.

Nilipotoka, Vibeke alikuwa ananingoja koridoni. Alisema hajamwambia mtu. Juzi aliporudi kutoka kula alikuta chembe za mdalasini kwenye kifuniko cha kasha lake, na humu ndani anayeoka kwa mdalasini ni mmoja. "Mchimba kisima huingia mwenyewe, Torkild. Mimi nilikupokeza kamba tu." Kisha akaniambia amemwomba Asger nibaki miezi sita, chini yake, niwafundishe wanafunzi wapya jinsi RNA inavyoharibika. Alisema hakuna anayelijua somo hilo kama mimi. Asger kakubali bila kusita, jambo lililoniuma kuliko yote.

Jumapili, 10 Novemba
Nimejichunguza siku mbili, bila kujionea huruma. Vibeke ameniokoa na Desemba, na mtu akitendewa wema hivyo lazima abadilike. Kosa nimeliona, na nakiri ni langu mwenyewe: mdalasini. Unaacha chembe, unanukia, unasema kila kitu.

Pipeti mpya za Vibeke zinafika Jumanne. Keki ya kesho nimeitia iliki.