Jibini kwa Ajili ya Nyonga za Roscoe

Jumamosi, 14 Juni

Roscoe ameshindwa na ngazi tena. Aliweka miguu ya mbele kwenye kidato cha kwanza, akanigeukia kama mzee anayesubiri kushikwa mkono. Baba akambeba. Mbwa mzima mwenye mwili wa ndama! Walipofika juu, mgongo wa Baba ukalia kwaa! Baba naye akalia zaidi.

Akiwa amelala chali kwenye zulia, akatoa hukumu. Eti yeye si winchi. Kama kufikia Jumapili ya tarehe 29 Roscoe hapandi kwa miguu yake mwenyewe, atahamia kwa Bibi Verna ng'ambo ya mto. Nyumba ya Bibi haina ngazi hata moja.

Roscoe amekuwa akilala chumbani kwangu tangu nikiwa darasa la pili. Wiki iliyopita nilimaliza shule. Marafiki zangu wote (wawili) wanahamia mji wa Madison. Roscoe akiondoka nitaongea na nani? Mama anasema nijaribu kuongea na watu. Watu!

Nina mpango. Virutubisho vya viungo vya miguu.

Jumapili, 15 Juni

Sikukuu ya Akina Baba. Nimempa Baba kadi na mkanda wa kukanda mgongo. Ameuliza kama ni kejeli. Si kejeli! Nilikuwa namaanisha.

Nimesoma mtandaoni kutwa. Kuna glukosamini, kuna mafuta ya samaki, kuna unga wa kome wa kijani wa baharini, kuna bizari ya manjano. Kila kimoja kina watu wanaokiapia. Mama mmoja anasema mbwa wake alikuwa hainuki, sasa anafukuza sungura. Chini yake mwanamume anasema wake hakubadilika chochote ila sasa ananuka kama soko la samaki. Nimeamua kumwamini yule mama.

Kasoro moja. Makopo yote yanasema subiri wiki nne hadi sita. Mimi nina mbili. Nimepiga hesabu: nikitoa kipimo mara tatu, wiki sita zinakuwa mbili. Hesabu nilikuwa napata alama nzuri sana.

Jumatatu, 16 Juni

Duka la vyakula vya wanyama. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kumwuliza muuzaji swali. Muuzaji ni binamu yangu Kendra. Nikageukia rafu.

Nilisimama mbele ya rafu nikisoma lebo mpaka Kendra akapaza sauti duka zima lisikie: We bubu, unanunua au unaomba dua? Wateja wakacheka. Masikio yangu yakawaka moto.

Akaja na kopo lake alipendalo, vidonge vyenye ladha ya ini. Eti mbwa wake, Duchess, ana miaka kumi na mitatu na anaruka kwenye pikapu kama paa, kwa sababu ya vidonge hivyo tu. Duchess amekonda kama fito. Sioni hilo linahusiana vipi.

Sikutaka kumpa Kendra ushindi. Nikachukua glukosamini na unga wa kome. Kisha, alipogeuka, nikachukua na vile vya ini.

Jumanne, 17 Juni

Unga wa kome: Roscoe alinusa bakuli, akaniangalia kwa masikitiko, akaenda kulala. Vidonge: alikula chakula chote kuvizunguka, akaviacha ndani ya bakuli vimeng'aa kama vimepigwa msasa.

Mpango wa pili. Baba anafanya kazi kwenye kiwanda cha jibini, kwa hiyo friji yetu haijawahi kukosa vibonge vya jibini mbichi, ile inayolia ukiitafuna. Kidonge ndani ya kibonge. Kimoja, cha pili, cha tatu. Kachukua vyote bila kutafuna!

Kwa nini watu wanalipia ushauri?

Alhamisi, 19 Juni

Jambo la ajabu. Asubuhi Roscoe alikuja jikoni akichechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Masikini! Nikampa kibonge. Jioni nikamwona akichechemea mbele ya Mama, lakini mguu wa kulia. Baba naye anasema kwake ilikuwa mguu wa mbele.

Ugonjwa unahama! Nimetafuta kila mahali na hakuna aliyewahi kuandika habari hii. Huenda Roscoe ndiye wa kwanza.

Ijumaa, 20 Juni

Mlo wa samaki wa kila Ijumaa, ukumbi wa chini kanisani. Sikutaka kwenda. Nimekwenda.

Kendra alikuwa ameshasema. Meza nzima inajua kwamba nilikaa mbele ya rafu kama mlinzi. Shangazi akauliza kwa nini nisitafute kazi pale, maana rafu nimeshaizoea. Halafu Kendra akatuita wote nje tumtazame Duchess. Duchess akaruka kwenye pikapu. Watu wakapiga makofi. Baba alipiga makofi! Baba yangu mwenyewe!

Mabaya zaidi: Bibi Verna ameshanunua kitanda cha mbwa. Cha sponji nene. Alinionyesha picha akiwa na furaha kama mtoto, akaniuliza Roscoe anapenda kulala kichwa kikielekea wapi. Nikamwambia dirishani. Nimejisaliti kwa sauti yangu mwenyewe. Ndiyo maana huwa sipendi kusema.

Jumapili, 22 Juni

Siku sita za kutibu hazijatosha kabisa. Sasa mazoezi. Wazazi walipokwenda kanisani nikaweka kibonge cha jibini kwenye kila kidato, kuanzia chini hadi mlangoni kwangu.

Akapanda! Polepole, akihema kama treni, lakini akapanda hadi juu. Nililia kidogo. Tukarudia. Akapanda tena. Laiti ningeacha pale pale, Mungu anajua.

Mara ya tatu alifika katikati, akala cha pale, akaketi. Hakutaka kwenda juu. Hakutaka kushuka. Nikamsukuma. Nikamvuta. Nikaketi naye. Wazazi waliporudi walitukuta hapo, mimi na Roscoe na harufu ya jibini. Baba alivua koti lake la kanisani, akalikunja vizuri, akambeba.

Mgongo: kwaa!

Jumanne, 24 Juni

Kwa daktari wa mifugo, Dakta Lindquist. Familia nzima, maana Mama amesema sasa inatosha.

Roscoe akawekwa kwenye mizani. Daktari akaangalia, akamtoa, akaipiga mizani kwa kiganja, akamweka tena. Mizani haikuwa na kosa.

Akauliza nani anampa nini. Nikasema, kwa sauti ndogo, glukosamini, kome na ini, mara tatu ya kipimo, kwenye jibini. Mama akakohoa, akasema yeye humpa mafuta ya samaki kila asubuhi, kwenye jibini. Kisha Baba, akitazama dari, akasema na yeye hugawana naye manjano yake mwenyewe ya mgongo. Kwenye jibini. Eti wazee wanaelewana.

Daktari akaweka kalamu chini.

Akatembea chumbani mikono mitupu, akamwita Roscoe. Mbwa akaja kwa ukakamavu, nyonga zikiyumba kidogo. Kisha daktari akatoa kipande cha jibini mfukoni. Roscoe akachechemea kushoto. Hakupewa. Akachechemea kulia. Hakupewa. Akainua mguu wa mbele, akautikisa, akalia mfano wa mjane. Mama akafunika uso.

Nyonga zina ugonjwa wa kweli, akasema daktari. Baridi yabisi ya uzee. Lakini huo mchechemeo mwingine ni biashara, na wateja ni nyinyi. Kisha akanigeukia. Kuzidisha kipimo hakufupishi wiki, binti yangu, kunaharibu tumbo tu. Nichague kimoja kilichopimwa vizuri, kwa kipimo cha uzito wake, nivumilie hadi wiki sita. Akapendekeza unga wa kome, utiwe kwenye mchuzi wa samaki usio na chumvi. Matembezi mafupi. Na kilo zipungue, kwa sababu hakuna kopo dukani linaloshinda kilo. Jibini marufuku.

Nikafikiria Duchess. Amekonda kama fito. Nikafukuza wazo hilo haraka.

Jumapili, 29 Juni

Siku ya hukumu.

Bibi Verna alifika na kitanda kwenye gari. Roscoe akapelekwa mbele ya ngazi, bila jibini. Aliitazama ngazi. Aliitazama familia. Akalala chini.

Baba akasema basi, ahadi ni ahadi, akaenda kuchukua mkanda wa shingo. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nikasikia mtu akisema kwamba kama Roscoe hawezi kupanda, mimi nitashuka, nitalala naye sebuleni. Wote wakanigeukia. Alikuwa ni mimi.

Baba akaanza: sebule ni ya kutazamia mpira, Marit, Jumapili watu watakaa wapi? Bibi Verna akamkata. Harlan, mwanangu, wewe ulilala sebuleni kwangu na nguruwe mgonjwa msimu mzima wa baridi. Nguruwe! Funga mdomo umsikilize mtoto.

Baba akafunga mdomo.

Bibi akaleta kitanda ndani mwenyewe, akakipanga kichwa kikielekea dirishani. Aliponikumbatia niliona macho yake yamelowa. Nikamwambia Roscoe atamtembelea kila Alhamisi. Sentensi mbili katika siku moja! Nikaenda kulala kidogo, nimechoka.

Jumamosi, 5 Julai

Kitanda cha sponji kinanifaa sana. Roscoe amechukua kochi.

Mambo ni mazuri. Unga wa kome, kijiko sahihi, kwenye mchuzi. Matembezi hadi sanduku la posta na kurudi. Baba haleti tena jibini nyumbani. Kendra ameniuliza siri yangu na nimemwambia, kwa utulivu wa mtaalamu, kwamba kila kitu ni nidhamu.

Asubuhi hii nilimkuta Roscoe mbele ya friji. Alichechemea. Miguu miwili kwa pamoja! Sijawahi kuona mateso kama yale. Jana ilikuwa Sikukuu ya Uhuru na soseji zimebaki. Daktari alikataza jibini, kwa jina. Soseji hakuitaja hata mara moja, na mimi nilisikiliza kwa makini.

Nilikuwa nimekata kipande kidogo, si kikubwa, nilipogeuka. Baba alikuwa mlangoni na mkono wake mmoja nyuma ya mgongo. Mkono ulikuwa unanukia soseji.

Akasema amekuja kunywa maji. Nikasema na mimi pia.

Tukanywa maji, wote wawili, taratibu, huku Roscoe akilamba sakafu pale vilipoanguka vipande viwili.