Mikia ya Omega Kentauri na Mabati Mawili

Jumamosi, 9 Juni 2007

Darubini ya chama chetu cha watazama nyota itagombaniwa Jumamosi ijayo. Ametangaza Mwalimu Mansi, mwenyekiti wetu, katika maabara ya shule anakofundisha fizikia. Atakayeleta jaribio bora la kutafuta mikia ya Omega Kentauri atakaa nayo mwaka mzima. Habari mbaya! Kwa sasa iko kwangu. Nimeshang'oa mabati mawili kwenye paa la stoo ya agroveti yangu, duka la dawa na vyakula vya mifugo, ili ichungulie. Lynn, mke wangu, hajui.

Mansi alieleza mikia ni nini. Omega Kentauri ni mamilioni ya nyota zilizobanana kama mpira. Uzito wa galaksi unalivuta kundi hilo, nyota za pembeni zinachomoka polepole, nyingine zinatangulia, nyingine zinabaki nyuma. Nikasema ni kama viazi vinavyodondoka kutoka kwenye lori la Molo. Shabir, mwenye duka la miwani, akauliza kwa upole ni lori gani hudondosha viazi mbele. Kicheko. Shabir huwa mpole hivyo akitaka kitu changu.

Mansi alionya kuwa mikia ni hafifu mno na huenda vifaa vyetu visione kitu. Vyao, labda.

Jumatatu, 11 Juni

Molo, kwa shemeji Wangare, dada ya Lynn. Giza safi. Baridi ya kukata masikio. Saa mbili usiku kundi lilikuwa juu ya zizi, upande wa kusini. Nikafunga kamera kwenye darubini. Umande ukafunika lenzi. Nikapangusa. Ukarudi. Picha zote uji mtupu. Wangare alitoka na tochi, akauliza kama nimekuja kutazama nyota au kuosha vyombo.

Lynn akapiga simu. Chakula cha kuku kimelowa stoo, na anataka kujua mvua imeingilia wapi. Nikasema simsikii vizuri. Nilimsikia vizuri sana.

Alhamisi, 14 Juni

Molo tena. Nimepata dawa ya umande! Mafuta ya kukamulia. Ninayauza kila siku: ukimpaka ng'ombe, maji hayamshiki. Nikachovya kidole, nikapaka lenzi kutoka juu hadi chini. Umande ukateleza.

Na kwenye picha, mikia! Miwili! Mmoja kushoto, mmoja kulia, mirefu, minyoofu kama rula. Nikamwonyesha Wangare. Akauliza, kama ni hafifu hivyo, mbona yeye anaiona bila miwani. Wivu umefika hadi Molo.

Ijumaa, 15 Juni

Asubuhi nimeagiza kibao kipya cha duka: AGROVETI NA KITUO CHA ANGA. Cha bati, herufi nyekundu.

Nikampigia Mansi. Hakunipongeza. Alitaka picha nyingine ya kulinganishia, ya nyota iliyo peke yake, kwa sababu hiyo haina nyota za kudondosha. Jioni nikaipiga kupitia tundu la paa. Nyota iliyo peke yake ina mikia miwili. Nikatoka nje, nikapiga picha taa ya kituo cha petroli. Mikia miwili.

Nimezifuta zote mbili. Zingewachanganya wanachama.

Jumamosi, 16 Juni

Maabara ya shule, jioni. Shabir alitangulia. Picha za kamera yake ndogo, kundi la duara, halafu maelezo marefu ya jinsi alivyohesabu nyota pande zote na kulinganisha na anga tupu. Hitimisho: hakuona mkia wowote. Alisimama mbele ya watu akasema hivyo bila aibu.

Nikatoa yangu. Mansi akaulizia picha ya kulinganishia. Nikasema kulikuwa na mawingu. Shabir akaomba ruhusa, akaielekeza darubini niliyokuja nayo kwenye taa ya geti, akamwita Mansi atazame. Mikia miwili. Kisha akainama, akanusa lenzi.

"Bwana Thuo, haya si mafuta ya ng'ombe?"

"Ni ya umande," nikamwambia.

Akaeleza kuwa mafuta yakipakwa juu-chini, mwanga hutawanyika kushoto na kulia. Akatoa kitambaa chake cha miwani, akafuta. Taa ikabaki taa.

"Shabir hakuona kitu, na ametuonyesha alivyotafuta," akasema Mansi. "Darubini iende kwake."

Aliibeba kwa upole.

Jumapili, 17 Juni

Mvua tangu alfajiri. Lynn amepata tundu. Nilimkuta chini yake na beseni.

"Baba Kui, hiki ndicho kituo cha anga?"

Fundi akaleta kibao wakati huo huo. Lynn akakipima kwa macho, akamtuma juu ya paa na misumari. Kimeziba nafasi ya bati moja. Ukisimama stoo, unasoma KITUO CHA ANGA juu ya magunia. Nafasi ya bati la pili bado inavuja.

Nimetafakari kwa utulivu. Shabir alifuta ushahidi mbele ya mashahidi. Mafuta hayana kosa: nimeyauza miaka yote, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika kuhusu mkia. Kama tatizo ni juu-chini, hilo linarekebishika.

Mansi amekubali niazime darubini kwa usiku mmoja, Alhamisi, 12 Julai, Molo. Safari hii nitapaka kutoka kushoto kwenda kulia.