Bakiza Kidogo

Jumatatu, 4 Machi

Msiba! Mpwa wangu, mwenye karakana hii ya samani, ameajiri mhasibu. Msichana mwembamba, viatu visivyo na sauti, funguo kiunoni kama askari wa gereza. Nimempa jina papo hapo: Kufuli. Moyoni tu, bila shaka.

Kabla hata ya chai akatangaza utaratibu wake. Anayepokea fedha haandiki hesabu. Anayeandika hesabu hagusi fedha. Wateja wa mkopo watalipia dirishani kwa keshia. Wakikuta tumefunga, watie bahasha yenye jina katika sanduku la ukutani, nalo litafunguliwa na watu wawili. Na hakuna tena mtu wa kuzunguka mitaani akikusanya madeni.

Mtu huyo ni mimi!

Nikauliza, kwa adabu zote, nimeiba nini. Kufuli akajibu kwamba hakuna aliyesema nimeiba; utaratibu mzuri humlinda hata mwaminifu. Mpwa wangu akaniita Mjomba kwa ile sauti ya marehemu mama yake, akasema nipumzishe goti. Nimepewa kiti mlangoni, nikaribishe wateja. Goti halikuomba likizo.

Wadaiwa wengine na wajipeleke dirishani, sina neno. Lakini Bibi Saa je?

Jumanne, 5 Machi

Bibi Saa ni fundi wa saa, mtaa wa nyuma, mjane kama mimi. Alikopa kwetu kabati la vioo la kuonyeshea saa zake, alipe kidogo kidogo kila wiki. Kila Jumatano nilikwenda kudai. Kwanza chai. Kisha anaishika saa yangu, ile niliyotoka nayo kwetu, anairekebisha. (Huchelewa sana siku za Jumanne. Mimi ndiye ninayeichelewesha.) Kisha anatoa fedha, nami naandika risiti. Katika mji huu wote ni yeye peke yake anayeniuliza nimeamkaje, akangoja jibu.

Angekwisha kulipa zamani. Wiki chache zilizopita alitoa salio lote, akaliweka mezani. Nikalisukuma kwake. Nikamwambia: bakiza kidogo, nitaifuata. Tangu hapo nanywa chai tu. Deni likiisha nitakwenda kufanya nini? Nipige hodi bure bure, kama mtu asiye na kazi? Mimi si mtu wa namna hiyo.

Alhamisi, 7 Machi

Jana ilikuwa Jumatano. Nilikaa mlangoni nikikaribisha upepo.

Leo pigo jingine. Kufuli ameandika orodha ya wadaiwa sugu. Kila mmoja atapelekewa ujumbe wa simu kumwambia anadaiwa kiasi gani. Asiyelipa hadi Jumatatu, dalali atakwenda na mkokoteni kuchukua mali. Jina la kwanza: Bibi Saa! Eti hajalipa kitu siku nyingi. Atalipaje na mimi ndiye niliyekataa kupokea?

Akilini nimeliona kabati likitolewa nje, saa zote zimepangwa sakafuni juu ya shuka, yeye amesimama kati yake. Kosa langu tupu.

Nimwendee nimwambie alipe? Atalipa zote. Deni litakufa mikononi mwangu.

Mpango! Akiba yangu hukaa ndani ya kopo la zamani la dawa ya kuchua goti. Hakuna mwizi mwenye akili ya kutazama humo. Nimetoa noti, nikazitia katika bahasha, nikaandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Tulipofunga nilirudi kama niliyesahau kofia, nikaitumbukiza sandukuni. Si deni lote! Nimebakiza kidogo. Mtu mzima hufikiria kesho.

Ijumaa, 8 Machi

Ushindi! Jina lake limefutwa katika orodha. Keshia alipofungua bahasha alipiga chafya mfululizo. Mafua yameingia mjini, nimemshauri avae sweta.

Mchana nilikwenda kula. Niliporudi keshia akanipa salamu: Bibi Saa alipita, akaniulizia. Ameniulizia! Sikuuliza alifuata nini. Ya nini kuuliza? Nimewakaribisha wateja mchana kutwa, hata waliokuja kuuliza njia.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeitwa ofisini. Mlango ukafungwa.

Kufuli amelinganisha hesabu. Fundi wa saa amelipa kupita deni lake. Ijumaa alikuja mwenyewe dirishani, akalipa lote, akasubiri risiti. Kwa sababu ya ule ujumbe! Bahasha ilikuwa bado haijaandikwa katika hesabu, basi keshia akapokea. Kufuli alimpigia simu kumuuliza juu ya bahasha. Hajui bahasha yoyote.

Halafu Kufuli akaweka noti moja mezani. Harufu ikasimama katikati yetu kama mtu wa nne. Mpwa wangu akainusa. Akalitazama goti langu.

Kufuli akaeleza, bila hasira, jambo ambalo ni baya zaidi. Mkusanyaji akila fedha ya mteja, baadaye huziba pengo kwa siri. Ni ugonjwa wa zamani wa kazi hii, alisema; si rahisi kupata sababu nyingine ya mzee kumlipia mteja. Mpwa wangu akasema taratibu, Mjomba, niambie tu siyo. Nikasema siyo. Akangoja. Nami nikaangalia mashine ya hesabu. Utasemaje jambo kama lile mbele ya mashine ya hesabu?

Siku tuliyohama kwetu nilimbeba mtoto huyu mgongoni, akilala na kuamka, na kila alipoamka aliuliza kama ni mimi. Leo hakunitazama usoni.

Jumatano, 13 Machi

Waliniambia nisije kazini mpaka Bibi Saa ahojiwe. Nikaja, kwa kuwa si haki mtu kuhojiwa peke yake.

Alifika na risiti zake zote zimefungwa kwa mnyororo wa saa. Kufuli akazilinganisha moja moja na vitabu. Nilisikia kila karatasi ikigeuzwa. Mwisho akavua miwani. Zinalingana. Hata senti haikupotea.

Basi bahasha ni ya nini, akauliza mpwa wangu. Nikakohoa. Bibi Saa akasema bwana huyu kila akipewa fedha yote huikataa, anasema bakiza. Kufuli akamuuliza naye, mtu mwenye uwezo wa kulipa, alikubalije kubaki mdaiwa. Bibi Saa akajifunga khanga upya, hana haraka. Akasema: "Mwanangu, saa ya ufunguo haijazwi siku moja ikatosha mwezi mzima."

Mpwa wangu akacheka na kulia kwa pamoja. Akaja akanishika kichwa kama mimi ndiye mtoto. Mjomba, Mjomba, ungesema tu! Nikamwambia kuna vumbi la mbao ofisini humu.

Kufuli akasema utaratibu wake wote umejengwa kumzuia mtu anayetoa. Hakuwahi kumfikiria anayetia. Nilidhani nimeona tabasamu. Funguo zilikuwa zikilia, sikuwa na hakika.

Ziada ipo kwa jina la Bibi Saa, hivyo amerudishiwa yeye, kwa sahihi mbili. Akaikunja, akanigeukia. Hii ni yako, alisema, nami nitakulipa mwenyewe, kidogo kidogo, dukani kwangu. Sasa namdai mimi! Karakana haimo!

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda kudai. Shati la pasi. Saa ilikuwa imechelewa vibaya mno.

Chai, kisha akanipa noti moja. Kisha akanitazama juu ya kile kioo chake cha jichoni, akasema mlango wake hauulizi risiti. Mtu akipiga hodi tu, inatosha. Sikumwelewa vizuri. Nadhani risiti zinampotea. Nimemnunulia kitabu kipya, chenye nambari, na karatasi ya nakala.

Lakini njiani nimepiga hesabu. Kwa mwendo huu atamaliza kunilipa kabla ya mvua. Hatari! Nimerudi kama niliyesahau kofia, na alipogeuka kutazama saa ya ukutani nikatia noti mbili chini ya sahani ya kikombe. Atadhani ni zake, deni litarefuka.

Hawezi kabisa kujua zimetoka wapi. Nilichagua mpya, za chini kabisa ya kopo.