Mtihani wa Kuingilia Programu ya Kahawa

Asubuhi ya Ijumaa, baridi ya Juni ikiwa imewafanya watu wa Mbinga wafiche mikono ndani ya makoti, nilifika kwenye benchi la Nathanieli, muuza kahawa wa nyuma ya stendi, nikakuta wote wamenyamaza. Benchi lile halinyamazi hata kwenye msiba.

"Shikamoo, Bibi Mwalimu," waliniamkia kwa pamoja, kama darasa.

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Bado, ila yuko mahututi," alisema Pankras, dereva wa bodaboda tunayemwita Breki kwa sababu pikipiki yake haina. "Wakulima wa Litembo wametuma ujumbe. Injinia, msomee Bibi."

Injinia ni Cleopa, kijana aliyetengeneza programu ya simu ya kupokelea kahawa mbivu: mkulima anapima, kilo zinaingia, hakuna daftari la kuloa mvua. Ni programu huria. Kikundi chochote huichukua bure, huifungua ndani na kuibadilisha kipendavyo. Mwongozo wake niliuandika mimi. Una kurasa sitini na nne.

Cleopa alisoma kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe: "'Sisi wa Litembo tumejaribu wiki tatu, hatujaingia. Jumatatu tunaanza kupokea kahawa. Tukishindwa leo, tunarudi kwenye daftari. Gaudiosa, katibu.'"

"Litembo wakiacha, wenzao wa kijiji cha Mapera nao hawachukui," alisema Sekela, muuguzi aliyehamishiwa hapa kutoka Mbeya, ambaye benchi humwita Dozi. "Programu inabaki na watumiaji wawili: Injinia na mama yake."

"Mama ameshaacha," alisema Cleopa.

"Bila shaka hawakusoma mwongozo," nilisema.

Breki alikohoa. "Bibi, mimi niliusoma. Nilianza Pasaka. Sasa hivi niko kwenye 'Chimbuko la Hesabu Duniani'. Wamisri bado wanahesabu ng'ombe. Kahawa sijaiona."

"Huo ni usuli. Msomaji lazima aandaliwe."

"Anaandaliwa kama maiti, Bibi."

"Breki, chunga mdomo," alisema Dozi. "Lakini Mwalimu, niseme ukweli. Shida siyo kurasa. Shida ni ule mtihani."

Nakiri kwamba mtihani ulikuwapo. Maswali matano kutoka kwenye dibaji, na programu haifunguki mpaka mtu apate manne. Nilimwagiza Cleopa auweke. Naye, kwa kuwa nilimfundisha darasa la tatu, aliuweka bila kuuliza.

"Injinia, kwa nini hukukataa?" aliuliza Dozi.

"Wewe ungemkatalia?"

Dozi alikunywa kahawa yake.

"Ni mtihani mwepesi," nilisema. "Mwenye akili timamu hamalizi dakika tano."

Breki alifuta simu yake kwenye koti, akanipa kwa mikono miwili. "Hii haijawahi kuingia, Bibi. Tuonyeshe njia."

Nilivaa miwani. Swali la kwanza na la pili nilipata. La tatu liliuliza dibaji imetaja manufaa mangapi. Nikajibu saba, nikiwa nimesahau kwamba katika toleo la pili niliongeza mawili. La nne lilitaka tarehe ambayo dibaji ilikamilika. Sikuweza kufikiri ni mtu gani angeona swali hilo lina maana. La tano nilipata. Kisha yakatokea maneno niliyoyachagua mwenyewe: *Hujafaulu. Tafakari, kisha ujaribu tena baada ya siku saba.*

Hakuna aliyecheka. Breki alikagua tairi lake kwa umakini ambao tairi lile halijawahi kupewa.

"Siku saba," nilisema. "Nani aliweka siku saba?"

"Ulisema mwanafunzi apewe muda," alisema Cleopa.

"Jumatatu ni siku tatu tu kutoka leo."

"Ndiyo, Bibi."

"Utoe."

"Mtihani wote, au swali la nne tu?"

"Wote. Na chimbuko. Na Wamisri."

Cleopa alikuwa ameshafungua kompyuta magotini kabla sijamaliza; nilitambua kwamba alikuwa ameisubiri amri hiyo tangu mwaka jana. Mwongozo ulibaki ukurasa mmoja, na maneno yake Dozi ndiye aliyemtajia.

"Andika: pima, ingiza kilo, bonyeza. Basi. Mgonjwa namwambia kimoja asubuhi, kimoja jioni. Sijawahi kumweleza historia ya kidonge."

"Na wakikwama?" aliuliza Breki.

"Wampigie Cleopa," nilisema. "Wasinipigie mimi."

Cleopa aliwatumia Litembo toleo jipya. Saa tano na nusu simu yake ililia. Aliutazama ujumbe, akaanza kuirudisha mfukoni.

"Soma," nilisema.

"Siyo lazima, Bibi."

"Cleopa."

Alisimama kabisa, kama zamani darasani. "'Tumeingia. Tumepima tenga la majaribio, kilo kumi na nane, tumeziona. Watu wa Mapera wako hapa, nao wanaitaka. Aliyeutoa ule mtihani mpeni hongera zetu. Ana akili kuliko aliyeutunga.'"

Wote watatu walinigeukia. Nathanieli naye aliacha kumimina.

"Mjibu," nilisema, nikikunja miwani, "kwamba hongera zimefika."